Nililipia historia ya Mto Murray, nikapewa zimwi la plastiki

Nyota mbili, na moja kati ya hizo ni ya boila.

Ukikaa jimbo la Victoria, huku Australia, na ukapata mgeni kutoka nyumbani, kila mtu atakwambia mpeleke Echuca, mji wa kando ya Mto Murray, akapande meli ya mvuke. Sisi wa Shepparton hatuna hata pa kujitetea, ni karibu mno. Basi majira ya joto yaliyopita nikampeleka mama mdogo, mtu wa Kigoma, aliyeuza dagaa wa Ziwa Tanganyika tangu mimi sijazaliwa. Bei na ratiba mtajitafutia wenyewe, na kampuni siitaji. Tangazo lao liliahidi wanyama, hekaya na historia ya mto. Nilitoa pesa kwa ajili ya hayo matatu.

Meli sina ugomvi nayo. Boila inakula kuni za mkaratusi mwekundu, gurudumu la ubavuni linapiga maji, na ukiwa sitahani unaliona vizuri lile gati refu la mbao lililoanza kujengwa 1865, zama ambazo sufu ya kondoo ilikuwa ikiteremka huku kwa meli kwenda kupandishwa treni ya Melbourne. Mama mdogo alikaa karibu na injini akikataa kabisa kuondoka.

Shida ni kijana wa kipaza sauti. Ilipofika zamu ya hekaya alitoa kikaragosi cha plastiki cha bunyip, zimwi la majini la huku, akakingurumisha mbele ya watoto. Imeisha. Hekaya ndiyo hiyo! Hakugusa hata kile kioja cha 1847, fuvu la ajabu kutoka Mto Murrumbidgee lilipowekwa kwenye jumba la makumbusho la Sydney, watu wakamiminika kuliona zimwi, na wataalamu wakasema ni la mwanafarasi au ndama mwenye kilema. Wala hakusema neno juu ya simulizi ya Wayorta Yorta, wenyeji wa asili wa mto huu, ambayo Shepparton hata sisi wageni tumeshaisikia: bibi kizee alitembea akiburuza fimbo yake ya kuchimbia, joka kubwa likamfuata nyuma likijipinda na kuuchimbua mchirizi wake, radi ikapiga, mvua ikajaza, na huo ndio Dungala, mto uleule tuliokuwa tunaelea juu yake.

Mama mdogo alikuwa kimya muda wote. Akanigusa bega. "Mwanangu, hebu muulize huyo kijana, wenyewe wa mto huu wako wapi?"

Nikauliza kwa adabu zote, nikaongeza kwamba ningependa kusikia habari za Cummeragunja, makazi ya wenyeji hao wa asili, maana iko mtoni hukohuko juu, ng'ambo ya pili, jimbo la New South Wales. Akatabasamu. Kipaza sauti kikiwa wazi akasema, "Hiyo ni siasa, bwana, leo tumekuja kufurahi." Watu wakacheka. Halafu akaniuliza kama kwetu kuna mamba.

Siasa! Februari 1939 watu karibu 200 waliuvuka mto huuhuu kwa miguu yao wakiikimbia Cummeragunja, kwa chakula kibovu, maradhi na msimamizi aliyewatawala kama wafungwa. Wengi waliishia kwenye mabonde kati ya Mooroopna na Shepparton, mwendo mfupi kutoka ninapokaa mimi. William Cooper, mwanaharakati wa Kiyorta Yorta aliyezaliwa hukuhuku kwenye mito hii, miezi miwili tu kabla ya hapo alikwenda na wenzake ubalozi mdogo wa Ujerumani jijini Melbourne kuwatetea Wayahudi, wakati yeye mwenyewe nchini kwake hahesabiwi. Kama hiyo si historia ya mto, basi historia ya mto ni nini? Sufu?

Nitende haki lakini. Kwenye samaki kijana yule alijua kazi yake. Alieleza kuhusu kodi wa Murray, samaki anayeweza kupita kilo 100, kwamba jike akishataga anaondoka na dume ndiye anayebaki kulinda mayai. Nilipomtafsiria, mama mdogo alicheka hadi machozi, akasema huyo samaki kawashinda wanaume wengi anaowafahamu. Alieleza pia jinsi kapu, samaki wa kuletwa, wanavyofukua tope na kuchafua maji, na mama mdogo akatikisa kichwa kwa uchungu wa mtu anayejua ziwa. Kwa dakika zile ningempa nne. Nilianza hata kujiuliza kama nimemkasirikia bure, pengine ameagizwa na waajiri wake asiguse mambo hayo.

Tukiwa tunarudi akakitoa tena kile kikaragosi, safari hii akakisogeza usoni kwa mama mdogo na kungurumisha. Mtu mzima wa miaka sabini na ushee. Nyota moja!

Niliwaandikia. Wakajibu kwa kuponi ya punguzo, hakuna pole, hakuna jibu la swali. Nilitaka kuichana, mama mdogo akaikunja akaitia mkobani, anasema kodi bado hajamwona kwa macho. Kwa hiyo huenda tukarudi, sijui. Kama una gari na muda, nenda kwanza msitu wa Barmah, ukatazame mikaratusi yenye makovu pale ambapo Wayorta Yorta walibandua magome kuundia mitumbwi. Huko hakuna kipaza sauti.