Taa za kujiwasha ofisini kwetu Tabora, na fundi asiyejua shikamoo

Nasimamia jengo la ofisi la ghorofa mbili hapa Tabora, si mbali na stesheni. LUKU, umeme wa kulipia kabla, ilikuwa inatumaliza. Mwezi haujafika katikati, wapangaji wananipigia kuwa umeme umekata. Msimu ule wa joto kabla ya mvua nikaita kampuni moja ya kubana matumizi ya umeme. Jina silitaji.

Tubu za wati 36 wakazitoa, wakafunga za LED za wati 18. Hapo sina neno, mwanga mzuri. Ndipo wakaleta vidude vya kuwasha taa mtu akiingia na kuzima akitoka. Uhasibu na mapokezi vimetenganishwa kwa kioo, wao wakabandika kidude kimoja upande wa mapokezi, eti kinatosha kote. Kidude chenyewe kinahisi joto la mwili likisogea, na joto hilo halipenyi kioo cha kawaida! Madirisha ya uhasibu yanatazama magharibi, mapazia mazito hayafunguliwi kwa sababu ya jua. Basi mhasibu wetu yuko katikati ya mahesabu, giza. Anainuka, anafungua mlango, anapunga mikono mapokezini kama anayeaga treni, anarudi kukaa. Kutwa nzima hivyo.

Fundi mkuu nilimpigia mpaka nikachoka. Alipokuja, kijana ambaye ningeweza kumzaa, salamu hana. Nikamwonyesha kioo. Akanijibu mbele ya wapangaji: "Mama, wewe kaa na risiti zako, umeme tuachie wenyewe. Watu wako ndio hawasogei." Nilitetemeka. Hela yao nilishamaliza kulipa.

Na viyoyozi je? Karatasi yao imeandikwa vimehudumiwa. Nilifungua kimoja kwa mkono wangu, filta imeshikwa na vumbi kama blanketi. Ndiyo maana watu walikuwa wanashusha mpaka nyuzi 16 na bado wanatoka jasho. Tena Ijumaa jioni, wote wametoka, nikaandika namba ya mita. Jumatatu alfajiri nikakuta uniti zimeliwa wikendi nzima na mashine ya maji baridi na kompyuta zilizoachwa zinawaka. Hicho ndicho nilichowalipa wakitafute, nimekitafuta mwenyewe.

Nilikuwa nimeshaamua kuandika msiwaite kabisa. Lakini juzijuzi msaidizi wa yule fundi mkuu, kijana mpole, alikuja peke yake. "Shikamoo mama, nimekuja kurekebisha." Akahamishia kidude ndani ya uhasibu, akaosha filta zote uani, hata nauli alikataa. Sasa tunaweka 24 na chumba kinapoa. Uniti za mwezi huu zimebaki, jambo ambalo sijawahi kuliona katika jengo hili.

Kwa hiyo kazi yao inaokoa hela, nitakuwa mwongo nikikataa. Waiteni. Hapana, mwiteni yule kijana. Mkubwa wake akirudi hapa na ngazi yake atakuta geti limefungwa.