Hiroshima: msiondoke bila kushuka kule chini

Makumbusho ya Amani wengi mnayajua, kiingilio yen 200. Mimi nasifu jirani yake, Ukumbi wa Kitaifa wa Kumbukumbu ya waliouawa na bomu la atomiki. Kuingia ni bure, na saa niliyofika tulikuwa watu watano tu.

Nilikwenda na swali la babu. Alipigana na Wajapani Burma mwaka 1944, askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na hadi uzeeni aliuliza: wale mateka wa upande wetu, mabomu yetu wenyewe hayakuwaua? Hiroshima yaliwaua. Wamarekani 12, wengi wao wa ndege zilizotunguliwa Julai 28, 1945 zikiishambulia manowari ya Kijapani Haruna kule bandari ya Kure. Mahabusu ya polisi wa kijeshi walimofungwa ilikuwa kama mita 400 tu kutoka kitovu cha mlipuko. Wawili wao, Ralph Neal na Normand Brissette, waliteseka kwa mionzi mpaka Agosti 19. Rubani wa moja ya ndege hizo, Thomas Cartwright, alipona kwa kuwa alikuwa ameshapelekwa Tokyo kuhojiwa.

Ukumbini unateremka polepole, ukizunguka, hadi chumba cha duara. Ukutani pote ni jiji lililoteketea, picha iliyopangwa kwa vigae 140,000, kigae kimoja kwa kila mtu anayekadiriwa kufa kufikia mwisho wa 1945. Kisha kuna skrini za kutafutia waliokufa. Dada wa zamu alinisaidia kuandika jina la mmoja wa wale 12: John Long. Akatokea, kijana wa Kimarekani, kwenye orodha moja na akina mama na wanafunzi wa Kijapani. Nililia, sioni haya kusema.

Aliyewatafuta Wamarekani hao ni Mzee Shigeaki Mori, ambaye bomu lilimkuta ana miaka minane. Alipiga simu Marekani miaka na miaka akisaka jamaa zao, na mwaka 1998 akaweka kibao cha kumbukumbu pale ilipokuwa mahabusu. Ndiye yule Obama alimkumbatia mwaka 2016.

Ziara ya miguu niliyoilipia asubuhi ilipita karibu na kibao hicho bila neno. Nilipouliza, kiongozi alisema ratiba haina. Kwa bei ile, iliniuma.

Kwa hiyo tengeni saa nzima kwa ukumbi, na majina mtakayotafuta yaandikeni kabisa kwenye karatasi kabla ya kutoka hotelini, kwa herufi za Kiingereza. Kibao kitafuteni wenyewe baadaye. Mimi nilikwenda jioni, nikamsomea babu majina yote 12 kwa sauti.