Ningu wadogo katika mgahawa wa kando ya njia, Mara

Mwanzoni mwa Juni nilikula mchana katika mgahawa mmoja ulio kando ya barabara ya Musoma kwenda Tarime. Mapishi ya pale sina la kuyalaumu: ugali wa muhogo na mtama ulikuja wa moto, na samaki walikuwa wamebanikwa kwenye chanja mpaka ngozi ikakauka bila kuungua. Kinachonifanya niandike ni samaki wenyewe.

Sahani ya ningu niliyoagiza ilikuwa na samaki tisa, kila mmoja mfupi kuliko kijiko nilichopewa, ilhali ningu mzima anaweza kufikia takriban sentimita 40. Niliwatambua kwa kinywa kinachotazama chini, chenye midomo minene ya kukwangulia mwani kwenye mawe. Mama aliyenihudumia alinieleza kwa upole, "Hawa wadogo ndio watamu, mwanangu, unatafuna mpaka mifupa," akaongeza kwamba huletwa kwa ndoo wakati maji ya mto yanapopungua.

Maneno hayo yalinikata hamu. Ningu hapatikani popote nje ya bonde la Ziwa Victoria. Masika yanapoufurisha mto, hupanda kutoka ziwani usiku kwenda kutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, na watoto wake hukulia humo mpaka maji yaanze kupwa, ndipo wateremke ziwani. Anayeziba mkondo kwa uzio wa matete na chandarua katika majuma hayo hukomba uzao wa msimu mzima kabla haujaliona ziwa. Nyavu za kutega zilizoanza kutumika ziwani mwaka 1905 ziliwekwa kwenye midomo ya mito, zikawanasa wazazi wakiwa na mayai tumboni, na kufikia miaka ya 1960 uvuvi wa ningu katika Mto Nzoia, nchini Kenya, ulikuwa umeporomoka. Kuwavua sasa na watoto wanaoshuka ni kumfungia samaki huyu njia ya kwenda na ya kurudi.

Ninaamini vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, vinapaswa kuhakikisha kwamba mdomo wa mto unaachwa wazi kabisa wakati wa kupanda na wa kushuka, na nyavu zitegwe mbali ziwani. Uganda watafiti wamefanikiwa kumzalisha ningu mabwawani, na hilo ni jambo la kutia moyo, ila vifaranga wa bwawani hawatafaa kitu wakirudishwa kwenye mto uliozibwa. Mgahawa nao una nguvu yake, kwa kuwa mvuvi huleta kile anachojua kitanunuliwa.

Anayepita njia hiyo aagize sato wa kukaanga, ambaye siku ile alijaza sahani. Nilimweleza mama kwa heshima kwa nini niliacha ningu sita bila kuwagusa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza apokee wa ukubwa gani. Nikamtandazia mkono mezani: asiyefika shibiri, mama, usimnunue.