Antivirusi ya Bure kwa Kompyuta ya Nyumbani: Ipi Itangulie, Ipi Isubiri

Wiki chache kabla ya kukabidhi tasnifu yake, mpwa wangu alipeleka flashi katika steshenari ya mtaani kuchapisha sura mbili, na aliporudi na kuichomeka kwenye kompyuta ya familia akakuta folda zake zote zimegeuka kuwa njia za mkato zenye ukubwa wa kilobaiti chache. Hakuna kilichofutwa. Kirusi kilikuwa kimezificha folda halisi na kuweka badala yake vijipicha vinavyofanana nazo, ili mwenye haraka ya kufungua kazi yake avibofye na kwa kubofya huko akiingize kirusi ndani ya kompyuta. Kompyuta hiyo haikukosa antivirusi. Ilikuwa nazo mbili, moja ya majaribio iliyokuja na mashine na muda wake ukaisha, nyingine ya bure iliyowekwa na fundi, na hakuna hata moja iliyokuwa imepata masasisho kwa miezi kadhaa.

Kisa hicho ndicho kilichonipa vigezo vya mwongozo huu. Kwa uwezo wa kukamata virusi peke yake, programu za bure zenye majina makubwa hazipishani sana. Maabara mbili zinazoheshimika, AV-TEST ya Magdeburg nchini Ujerumani na AV-Comparatives ya Innsbruck nchini Austria, huzipima mara kwa mara na kuchapisha matokeo ambayo yeyote anaweza kuyasoma. AV-TEST hutoa hadi pointi 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi na 6 kwa kutomsumbua mtumiaji, na programu hizi mara nyingi hukaribiana kileleni. Kwa hiyo nimezipanga kwa maswali ya mtu wa nyumbani. Je, itaendelea kujisasisha hata mwenyewe akisahau? Itakula bando kiasi gani? Itaizidi nguvu kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4 na diski ya kizamani inayozunguka? Na kampuni isiyokudai hata senti moja inapata wapi fedha zake?

Ya kwanza: Microsoft Defender

Wengi wanaoniuliza wapakue antivirusi gani tayari wanayo bila kujua. Defender imo ndani ya Windows 10 na Windows 11, haihitaji kusajiliwa wala kuhuishwa kila mwaka, haina matangazo ya kukushawishi ununue toleo la juu kila unapowasha kompyuta, na hujiwasha yenyewe pale ambapo hakuna antivirusi nyingine. Sifa mbaya iliyonayo kwa baadhi ya mafundi ina chanzo chake: mtangulizi wake, Microsoft Security Essentials ya mwaka 2009, ilikuwa ikishika mkia katika vipimo, na hata ilipoingizwa ndani ya Windows 8 mwaka 2012 kwa jina la Defender iliendelea kwa muda kuwa kinga ya kujisitiri tu. Programu imebadilika, ila maneno ya mafundi hayajabadilika, na hadi leo utasikia ukishauriwa uizime kwa kuwa eti inafanya kompyuta iwe nzito.

Ina udhaifu wa kweli, hata hivyo, na unawagusa zaidi watu wa kwetu kuliko wale wenye intaneti ya waya nyumbani. Defender hutegemea sana kuuliza seva za Microsoft kuhusu faili isilolijua, na kompyuta isiyo kwenye mtandao hupoteza sehemu ya ulinzi huo. Isitoshe, wanaotumia hotspoti ya simu huzima masasisho yote ya Windows ili kuokoa bando, na masasisho ya Defender, ambayo hupita njia hiyohiyo, hukwama pamoja nayo. Njia ya kukwepa tatizo hili ipo: katika tovuti ya Microsoft kuna faili moja liitwalo mpam-fe.exe, linalozidi megabaiti 100, ambalo unaweza kulipakua mahali penye intaneti nzuri, ukalibeba kwa flashi na kulibofya nyumbani, na Defender ikapata orodha yote mpya ya virusi. Kufanya hivyo kila wiki ni usumbufu, lakini ni afadhali kuliko kukaa na orodha ya mwaka jana.

Kuna mambo matatu ya kurekebisha siku ya kwanza, yote ndani ya programu ya Windows Security. Hakikisha Tamper Protection imewashwa, kwani ndiyo inayozuia kirusi, au kijana mwenye mchezo mpya wa kompyuta mkononi, kuizima Defender kimyakimya. Washa pia uzuiaji wa programu zisizotakiwa, zile zinazojipenyeza pamoja na programu nyingine na kukubadilishia ukurasa wa mwanzo wa kivinjari. La tatu ni Controlled folder access, ambayo huja ikiwa imezimwa: ukiiwasha, programu isiyoaminika haiwezi kubadilisha chochote ndani ya folda za nyaraka na picha, na huo ndio ulinzi dhidi ya virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia. Siku za mwanzo itazuia hata programu halali moja mbili, nawe utalazimika kuziruhusu kwa mkono, vumilia.

Kwa wenye Windows 10 kuna jambo la kuongeza. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na imeahidi kuendelea kuipa Defender orodha za virusi hadi Oktoba 2028, ahadi ambayo watu wameipokea kana kwamba ni kibali cha kubaki hapo walipo. Orodha ya virusi haizibi matundu ya mfumo wenyewe. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea katika nchi nyingi kwa siku chache kikipitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake tangu Machi ya mwaka huo. Walioumia ni ambao hawakukiweka. Kama kompyuta yako haikubali Windows 11, jiandikishe katika mpango wa masasisho ya ziada ya usalama, unaofika Oktoba 2026, kisha anza kufikiria mashine nyingine au Linux, mfumo wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows.

Ya pili: Bitdefender Antivirus Free

Anayetaka kitu nje ya Microsoft aanze na hii ya Bucharest, Romania. Kampuni yake ina umri tangu 2001, injini yake ya kukamata virusi imekuwa ikikodishwa na kampuni nyingine za usalama, na toleo lake la bure linatumia injini hiyohiyo ya wanaolipa. Haina vitufe vingi, jambo ambalo mimi naliona kuwa fadhila: unaisakinisha kwa mzee, unaondoka, na hakuna cha yeye kuharibu. Itakudai ufungue akaunti kwa barua pepe, itakukumbusha mara chache kuwa kuna toleo la kulipia, na usakinishaji wake hula mamia ya megabaiti, kwa hiyo usiuanze ukiwa na bando la siku. Sikuipa nafasi ya kwanza kwa sababu moja: mwishoni mwa 2021 kampuni iliondoa toleo lake la bure la awali, na mwaka uliofuata ikaja na jingine jipya. Wenye programu wana haki hiyo, lakini mtu wa nyumbani hafuatilii matangazo ya namna hiyo, na siku programu inapoachwa na mwenyewe ndiyo siku anayobaki wazi.

Ya tatu, kwa masharti: Kaspersky Free

Kwa vipimo vya maabara hii ingeweza kuwa ya kwanza. Ni nyepesi, ni kali dhidi ya virusi vya flashi, na jina lake linajulikana Afrika Mashariki kwa kuwa maduka mengi ya kompyuta huuza toleo lake la kulipia katika visanduku. Tatizo lake ni siasa. Kampuni yake ina makao Moscow. Machi 2022 mamlaka ya usalama wa mtandao ya Ujerumani iliwaonya watu dhidi ya kuitumia, na Juni 2024 serikali ya Marekani ikapiga marufuku uuzaji wake nchini humo, na kuipa hadi tarehe 29 Septemba ya mwaka huo kukoma kutoa masasisho kwa watumiaji wa huko. Ndugu walio Marekani basi waivuke moja kwa moja. Kwa aliyeko Tanga au Eldoret anayetaka kulinda picha za harusi na kazi za shule za watoto, sioni hatari inayomhusu yeye binafsi. Kwa mwandishi wa habari au mtumishi wa umma ningesema achague moja kati ya mbili za juu.

Ya nne: Avast, AVG na Avira

Hizi ninazikusanya pamoja kwa kuwa wanaobishana ipi ni bora kati yake kwa kweli wanalinganisha bidhaa za mwenye duka mmoja. Avast ya Prague iliinunua AVG mwaka 2016, kampuni ya Norton ikainunua Avira, kisha mwaka 2022 Avast na Norton wakaungana na kujiita Gen Digital. Zinakamata virusi vizuri, na Avast hata inakupa bure ngao ya kuzuia wafungaji wa mafaili.

Kilichoishusha Avast ni namna ilivyojilipa. Kwa miaka kadhaa ilikusanya historia ya kurasa ambazo watumiaji wake walitembelea na kuiuza kupitia kampuni yake tanzu iliyoitwa Jumpshot. Mambo yalipofichuka Januari 2020 Jumpshot ikafungwa, na Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ikaiamuru Avast ilipe dola milioni 16.5 na kuipiga marufuku kuuza taarifa za namna hiyo kwa ajili ya matangazo. Kosa hilo limekwisha kuadhibiwa, nami sidai kwamba linaendelea. Ila mtu anaweka antivirusi ili asichunguliwe, na kuna programu nyingine ambazo hazina historia hiyo. Ukiamua kuitumia, wakati wa kusakinisha usibofye kitufe kikubwa cha kijani tu, bali chagua njia ya kubinafsisha na uondoe alama kwenye nyongeza za kivinjari, halafu ingia kwenye mipangilio ya faragha na uzime kila kinachohusu kugawana taarifa. Jiandae pia kwa vidirisha vya kukuambia kompyuta yako ina matatizo kadhaa yanayotatuliwa kwa kulipia.

Malwarebytes ya bure sikuipa namba, kwani si mshindani wa hizo. Baada ya siku 14 za majaribio haikai mlangoni tena; hukagua pale tu unapoiamuru. Kwa kazi hiyo ni nzuri, na inaweza kukaa pamoja na Defender bila ugomvi, kama daktari wa pili unayempelekea mgonjwa ukiwa na shaka na wa kwanza. Antivirusi mbili zinazokaa mlangoni kwa wakati mmoja, kwa upande mwingine, hukwamishana na kuifanya kompyuta itambae. Wenye Mac wana XProtect, kinga ya Apple yenyewe, ndani ya mfumo wao tayari na hawana haja ya kuharakisha.

Usizozigusa kabisa ni zile zinazoitwa matoleo kamili ya bure ya antivirusi za kulipia, yanayopitishwa kwa flashi au katika makundi ya simu pamoja na faili la kuvunja leseni. Maelekezo yake karibu kila mara huanza kwa kukutaka uzime kinga uliyonayo, na hapo ndipo ungepaswa kujiuliza mgeni anayeomba mlinzi apumzishwe kwanza anakuja na nini. Ni hivyohivyo kwa kreki za Windows na Office: hakuna antivirusi katika orodha hii inayoweza kumlinda mtu aliyeizima kwa mkono wake. Pakua kutoka tovuti ya mtengenezaji tu, ukiandika anwani mwenyewe, kwa sababu matokeo ya juu ya utafutaji mara nyingine ni matangazo ya watu wengine.

Ukishachagua, ijaribu. Liko faili la majaribio liitwalo EICAR, mstari mmoja wa herufi 68 usio na madhara yoyote, ambao watengenezaji wa antivirusi walikubaliana kuutambua kana kwamba ni kirusi. Lipakue kutoka eicar.org, kinga iliyo macho italikamata kabla hujalifungua, na ikiwa linakaa kwenye folda ya vipakuliwa kimya, basi una programu ya mapambo.

Kwenye kompyuta ya mpwa wangu tuliondoa antivirusi zote mbili, tukaiwasha upya, na Defender ikajitokeza yenyewe. Tulisubiri masasisho yaishe, tukaendesha ukaguzi wa nje ya mtandao ambao huiwasha kompyuta upya na kuchukua takriban robo saa, kisha tukabofya flashi kwa kitufe cha kulia na kuikagua. Vijipicha vya uongo vikafutwa vyote, na flashi ikaonekana tupu, hali iliyomtoa jasho. Tukafungua dirisha jeusi la amri na kuandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kwa kuwa flashi ilikuwa imepewa herufi E, na baada ya sekunde chache folda zikarudi, sura zote sita zikiwemo.