Sanduku la Mboga Lililotufanya Tusugue Sufuria kwa Udongo

Nililiagiza sanduku hili kwa sababu moja tu: liliandikwa, kwa herufi kubwa za kijani, kwamba ni vyakula vya Kusini mwa Marekani visivyo na nyama. Sisi ni Waislamu wa Tanga tunaoishi Atlanta, na ambaye hajakaa huku hajui adha ya kula mboga mkahawani. Ukiuliza kama majani ya collard, ambayo ndiyo sukuma wiki yenyewe, yana nyama, unaambiwa hayana, kumbe yamechemshwa kwa muda mrefu pamoja na mguu wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi. Ndiyo mapishi yao ya asili, na siwalaumu. Ninayemlaumu ni yule anayedai kuwa ameuondoa mguu huo, akatutoza bei ya juu kwa sababu hiyo, kisha akaupitisha kwa mlango wa nyuma.

Mwanzoni nilifurahi mno. Sandukuni mlikuwa na kunde, mchele, bamia, unga wa mahindi ya njano na zile chenga za mahindi meupe wanazoziita grits. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea, alicheka akauliza kama kweli tumelipa dola zote zile kununua chakula cha shambani kwake. Hakukosea, kwani kunde na bamia zilifika huku kutoka Afrika katika zama za utumwa, na ule wali wa kunde wanaoupika Mwaka Mpya kwa kutafuta baraka, Hoppin' John, haungemshangaza mtu yeyote wa kwetu.

Jioni moja nikapika majani. Nilikaanga kitunguu, nikatia maji, nikamimina pakiti ya viungo iliyokuja na sanduku kama kadi ya mapishi ilivyoelekeza, nikafunika. Majani yalipoanza kulegea, mama mkwe aliinua kifuniko, akanusa, akauliza taratibu, "Mwanangu, huu moshi umetoka wapi?" Niliiokota pakiti kwenye taka, nikaikunjua, nikaimulika kwa tochi ya simu, na pale kwenye mshono wa chini, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa, nikasoma: mafuta ya nguruwe.

Tulimwaga vyote. Sufuria yangu ya harusi ilibidi ioshwe mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, na kwa kuwa tunakaa ghorofa ya tatu, udongo ulichotwa kwenye chungu cha maua cha roshani. Aliyesugua ni mama mkwe, kwa sababu mimi nilikuwa kwenye simu nikigombana na wauzaji wa sanduku.

Aliyepokea alikuwa dada mwenye sauti ya asali. "Mpenzi," aliniambia, "hicho ni kiungo tu cha kuleta ladha, nyama yenyewe haimo." Huku Kusini kila mtu huitwa mpenzi, hata anayetukanwa. Nilipomweleza habari ya dini, alinijibu kwamba wateja wengine hawajalalamika.

Nilikusudia kutoa nyota moja. Hata hivyo, haki yao niwape: maelezo yao ya mkate wa mahindi hayana kasoro. Wanakutaka ukipashe moto kikaango cha chuma ndani ya oveni kwanza, ndipo umimine rojo, nayo ikichacharika ujue ukoko wa chini utatoka wa kahawia na mkavu. Siku chache baadaye nilinunua majani mwenyewe, nikatia paprika, yaani unga wa pilipili nyekundu, iliyokaushwa kwa moshi, mahali pa pakiti ile, kitunguu saumu, na siki kidogo mwishoni. Mama mkwe alimega mkate, akauchovya mchuzini kama tonge la ugali, na hakusema neno mpaka sahani ikawa tupu. Basi, nyota tatu. Lakini paprika si yao, majani si yao, na kila nikilikumbuka lile "mpenzi" natamani kuzifuta zote. Ziwe mbili, na zote ni za mkate.

Fedha wamerudisha nusu. Nilisitisha huduma ya kuletewa masanduku siku ile ile, na bado leo asubuhi nimekuta sanduku jingine mlangoni. Sijalifungua, ila mama mkwe ameshakisogeza chungu cha maua karibu na jiko.