Nimelipa ada nikaambiwa "hapa si baraza la kata"

Jina la chuo siliandiki. Nilisoma pale madarasa ya jioni ya kesi za madai na usuluhishi wa migogoro. Natoka dukani Kariakoo, naingia darasani nimechoka, na bado lilikuwa somo ninalolipenda kuliko yote.

Siku ya zoezi la mahakama nilipewa upande wa mdaiwa. Mdai anadai fedha za saruji aliyouza kwa mkopo, na miaka saba imepita tangu siku ya kulipwa. Nikakesha. Sheria ya Ukomo wa Muda inampa anayedai kwa mkataba miaka 6 ya kufungua kesi, kwa hiyo nikaandaa pingamizi la awali, yaani hoja ya kuomba kesi itupwe kabla haijasikilizwa. Kesi ya Mukisa Biscuit ya mwaka 1969 nilikuwa nayo kichwani: pingamizi liwe hoja ya sheria tupu, lisingoje ushahidi.

Nikasimama. "Mheshimiwa, shauri hili limeletwa nje ya muda..." Sikumaliza. Mwalimu akapiga meza: "Mama, kaa chini. Hapa si baraza la kata." Kosa langu? Nimesema Kiswahili. Darasa likacheka, mimi nikakaa na karatasi zangu zinatetemeka mkononi.

Jamani! Tangu mwaka 2021 sheria imetamka kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, na Kiingereza kinatumika pale haki inapokihitaji. Mwalimu wa sheria halijui hilo? Analijua. Na baraza la kata amelidharau kwa lipi? Mwaka huohuo liliondolewa kuamua migogoro ya ardhi, likaachiwa kazi ya kusuluhisha. Usuluhishi! Kitu kilekile tulichomlipa yeye atufundishe.

Nilitaka kuishia hapa na kumwambia kila mtu asiende. Ila nitakuwa mwongo nikificha la shangazi.

Shangazi yangu wa Mbagala alinipa bahasha aliyoiweka kabatini akidhani ni barua ya benki. Kufungua, wito wa mahakama na hati ya madai. Mwalimu huyuhuyu alikuwa akituimbia kila kipindi: kabla hujasoma madai, hesabu siku. Mdaiwa ana siku 21 kuwasilisha utetezi wa maandishi. Akizembea, mdai anaweza kusikilizwa peke yake. Nikahesabu. Siku ya 18. Wakili akapatikana kesho yake asubuhi, utetezi ukaingia kwa muda, na sasa wako kwenye usuluhishi, wanazungumza. Hayo nimeyatoa darasani kwake, siwezi kukana. Basi nendeni, mafunzo ni mazuri.

Hapana, subirini. Kuna binti alikuwa akikaa nyuma yangu, ametoka shule ya kata, Kiingereza kinampa shida lakini kichwa chake ni moto. Tangu siku ile hakunyoosha mkono tena. Tukitoka, pale kituo cha mwendokasi, ananiuliza: mdaiwa akilipa kidogo na kusaini kwamba anadaiwa, ule muda wa miaka 6 unaanza upya? Swali zuri namna ile, na jibu lake ni ndiyo. Nikamwambia mwulize mwalimu kesho, wote tufaidike. Akanitazama tu, akapanda basi.