November Steps ya Takemitsu kwenye santuri: muziki mzuri, mikwaruzo mingi

Nimeinunua hapa Toronto, kwenye duka la vitu vilivyotumika, kwa dola 18. Ni santuri mbili za kampuni ya RCA ndani ya jalada moja. Pande tatu zimebeba Turangalîla, simfonia ya Mfaransa Messiaen, na upande wa nne ni November Steps ya Toru Takemitsu, mtunzi wa Kijapani. Okestra ni ya mji huu huu, Toronto Symphony, ikiongozwa na Seiji Ozawa. Mimi niliufuata huo upande wa nne tu.

Katsuya Yokoyama anapuliza shakuhachi, yaani filimbi ya mwanzi, na Kinshi Tsuruta anapiga biwa. Hao wawili pamoja na Ozawa ndio walioupiga muziki huu jukwaani kwa mara ya kwanza, New York, Novemba 1967, okestra ya huko ilipokuwa ikiadhimisha miaka 125. Biwa ni jamaa wa mbali wa udi, na masikio yangu yamelelewa na taarabu, nikajua nitakuwa nyumbani. Wapi! Tsuruta anaitandika kwa kipande kipana mfano wa upepeo. Nyuzi zinalia na ubao unagongwa kama ngoma. Kisha kimya, kirefu hadi unadhani sindano imefika mwisho. Halafu shakuhachi inaingia, pumzi nyingi kuliko sauti.

Malalamiko yangu ni hapo. Kibandiko cha muuzaji kilisema "safi". Santuri ya taarabu ikikwaruza haidhuru, fidla na ganuni zitafunika. Kwa Takemitsu kimya ni sehemu ya muziki wenyewe, na kila mkwaruzo unasikika kama mtu anayemenya karanga kwenye hitima. Nimeiosha mara mbili, imepungua kidogo tu.

Ingawa Takemitsu mwenyewe asingelalamika, nadhani. Mwaka 1944, akiwa na miaka 14, aliingizwa kwenye kazi za jeshi. Huko alisikia kwa siri wimbo wa Kifaransa kwenye gramafoni ambayo sindano yake ilikuwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa. Utunzi alijifundisha karibu wote mwenyewe, na muziki wa kwao aliukwepa kwa miaka kwa sababu ulimrudishia vita.

Muziki nyota tano, santuri yangu mbili. Ukiiona dukani, omba waijaribishe kwanza, na wasianzie mwanzo: waiweke sindano karibu na mwisho, pale okestra inaponyamaza na biwa na shakuhachi zinabaki peke yake.